Afya ya kijana wa miaka 13 hadi 19: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa vijana wenyewe, wazazi na walimu wa malezi. Katika kila jibu tumejaribu kutenganisha madhara yanayorekebishika na yale yasiyorekebishika, kwa sababu vijana wengi huambiwa tu kwamba "kila kitu kina madhara" na mwishowe hawaamini lolote.

Kijana hupona haraka. Kwa nini ahangaike sasa na magonjwa ya utu uzima?

Anapona haraka kweli, na ndiyo maana madhara mengi hayaonekani mapema. Pumzi iliyopotea kwa kukaa bila mazoezi hurudi ndani ya wiki chache. Damu iliyopungua hurudi kwa miezi michache ya chakula kinachofaa na vidonge vya madini ya chuma. Uzito, presha iliyoanza kupanda na sukari iliyoanza kusumbua mara nyingi hushuka ratiba ya siku ikibadilika.

Vingine havirudi. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Tabaka gumu la nje la jino likishamomonyoka limekwisha. Mfupa ambao haukujengwa kabla ya miaka 20 na kidogo haupati msimu mwingine kama huo. Uraibu nao hushika haraka zaidi katika umri huu, kwa kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, hukomaa mtu akiwa na miaka ishirini na kitu.

Mifupa inajengwaje, na kijana ale nini?

Karibu asilimia 90 ya mfupa wote ambao mtu atakuwa nao maishani huwa umeshajengwa afikapo miaka 18 hadi 20. Baada ya hapo mwili hutunza akiba hiyo, kisha huanza kuitumia, na kwa wanawake kasi huongezeka hedhi ikikoma. Aliyeanza na akiba ndogo ndiye anayevunjika nyonga kwa kuteleza bafuni uzeeni.

Kuanzia miaka 9 hadi 18 mwili unahitaji takriban miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa au mtindi ya mililita 250 hutoa kama 300. Pasipo na maziwa ya kila siku, dagaa ndio mkombozi: kiganja kimoja cha dagaa wakavu, wakiliwa wazima, kinaweza kulingana na glasi ya maziwa au kuizidi. Ukitoa vichwa na miiba, umetupa kalsiamu yenyewe. Mchicha una kalsiamu pia, lakini una asidi inayoishikilia ili mwili usiifyonze. Kwa mifupa, sukuma wiki ni bora zaidi.

Chakula peke yake hakitoshi. Mfupa hukua kwa kugongwa: kuruka kamba, mpira, netiboli, rede, kukimbia. Kuogelea na baiskeli vinafaa sana kwa moyo, ila havijengi mfupa kwa kiwango hicho.

Soda moja kwa siku ina ubaya gani?

Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hadi 11 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya kioo ya mililita 350 basi ina kama vijiko 9 vya chai, na ile ya plastiki ya mililita 500 kama vijiko 13. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, na inapendeza zaidi ikibaki chini ya 25. Chupa moja ya plastiki imeshafika kikomo au kukivuka kabla hujahesabu chai ya asubuhi. Juisi za boksi nyingi hazina tofauti kubwa. Geuza pakiti usome nyuma.

Kwa meno, kunywa kidogo kidogo kutwa nzima ni kubaya kuliko kunywa yote mara moja pamoja na chakula, kwa sababu kila funda huanzisha upya dakika nyingi za asidi mdomoni. Ukimaliza, sukutua kwa maji na usubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Ukisugua papo hapo unalikwangua tabaka lililolainika.

Ukitaka kupunguza sukari kwenye chai, shuka nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea. Anayeacha ghafla mara nyingi hurudia baada ya siku chache.

Binti yangu anachoka sana na anakula udongo. Ni tabia tu?

Mara nyingi ni upungufu wa damu. Hamu ya udongo, barafu au mchele mbichi ni dalili inayojulikana ya kupungukiwa madini ya chuma, na udongo wenyewe huzidisha tatizo kwa kushika madini tumboni na wakati mwingine kuleta mayai ya minyoo. Dalili nyingine ni moyo kwenda mbio akipanda ngazi, kichwa kuuma, kusinzia darasani, na upande wa ndani wa kope ya chini kuwa mweupe badala ya mwekundu. Mtoto wa namna hii huitwa mvivu, wakati ubongo wake haupati oksijeni ya kutosha.

Kipimo ni cha haraka na hufanyika hata kwenye vituo vidogo vya afya: hemoglobini. Kwa msichana, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji kama miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, mvulana kama 11. Tofauti hiyo inatokana na hedhi.

Nyumbani fanya hivi. Maini, nyama nyekundu na dagaa hutoa madini ya chuma yanayofyonzwa kwa urahisi. Maharage na mboga za majani hutoa yasiyofyonzwa vizuri, kwa hiyo yasindikize na limau, chungwa, nyanya mbichi au pera katika mlo huohuo. Loweka maharage usiku kucha na umwage maji yake. Kosa kubwa linalofanyika karibu kila nyumba ni chai pamoja na chakula au mara tu baada yake: chai hushika madini ya chuma na kuyapitisha bila faida. Iache ipite saa moja.

Akipewa vidonge, choo kitakuwa cheusi, na hilo ni la kawaida. Avimeze na juisi ya chungwa au maji, asivimeze na maziwa wala chai. Nguvu zikirudi baada ya wiki tatu wengi huacha, kisha tatizo linarudi. Damu huwa imepanda lakini ghala la mwili bado tupu, kwa hiyo dozi huendelea kama miezi mitatu au kadiri mtaalamu atakavyosema. Kama ukoo una selimundu, apimwe kwanza, asianzishiwe vidonge kwa kubahatisha. Aulizwe pia hedhi yake hudumu siku ngapi: inayopita siku 7, au inayolowesha pedi kila saa moja au mbili, inahitaji daktari.

Nitajuaje kama uzito umezidi, bila mizani?

Chukua uzi wenye urefu sawa na wa kijana, kuanzia utosini hadi kisigino. Ukunje katikati, kisha uzungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu, akiwa ametoa pumzi bila kubana tumbo. Ncha zisipokutana, mafuta yamezidi mahali panapoleta kisukari na magonjwa ya moyo. Kipimo hiki hakidanganywi na misuli wala na nyonga pana.

Presha ipimwe walau mara moja kwa mwaka kwa kijana mwenye uzito mkubwa au ambaye mzazi wake ana presha. Kuanzia miaka 13, namba ya juu ikifika 120 imeanza kupanda, na 130/80 au zaidi katika siku tatu tofauti ni presha ya kufuatiliwa. Apimwe baada ya kukaa dakika tano, miguu ikigusa chini, mkono ukiwa usawa wa moyo. Mkanda mdogo kuliko mkono wake hutoa namba ya juu isiyo ya kweli.

Ninapiga msuli hadi usiku wa manane na kunywa enaji. Mtihani ukiisha nitalala. Kuna shida?

Ipo, na inaanzia kwenye mtihani huohuo. Yale uliyosoma mchana ubongo huyapanga na kuyahifadhi ukiwa usingizini. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10. Katika balehe homoni ya usingizi huchelewa kuja, kwa hiyo kushindwa kulala mapema si ukaidi. Wazazi na walimu wa mabweni wakumbuke hilo. Lakini anayeamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi daladala angepaswa kulala saa mbili na nusu usiku ili afikishe saa 8, na karibu hakuna anayefanya hivyo. Deni linaongezeka kila siku, na linaongeza njaa pia: usingizi mchache hupandisha homoni ya kutaka kula na kushusha ile ya kushiba.

Sasa hesabu ya enaji. Nyingi zina kama miligramu 32 za kafeini kwa mililita 100, yaani 80 kwenye kopo la mililita 250 na 160 kwenye chupa ya nusu lita. Kwa vijana kiwango kinachochukuliwa kuwa salama ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, hivyo mwenye kilo 50 mwisho wake ni 150. Chupa moja imeshapita. Kafeini hupungua kwa nusu kila baada ya saa tano hivi: ukinywa 160 saa kumi jioni, saa tatu usiku bado 80 zipo mwilini, na saa nane usiku 40. Unaweza kusinzia, lakini usingizi unakuwa mwepesi, na kesho unaamka unahitaji chupa nyingine. Moyo kudunda ovyo, mikono kutetemeka na kifua kubana ni ishara za kuacha mara moja. Kuchanganya enaji na pombe ni hatari zaidi, kwa sababu mlevi hajisikii kuwa amelewa.

Kinachofanya kazi: kafeini yoyote iishe kabla ya saa nane mchana. Simu ilale chumba kingine, na kengele ya kuamkia iwe ya saa ya kawaida. Usingizi wa mchana usizidi dakika 30. Mwishoni mwa wiki usipitishe saa moja au mbili za muda wako wa kawaida wa kuamka, la sivyo Jumapili usiku utakesha. Sura ngumu zisomwe mapema, na saa ya mwisho kabla ya kulala iwe ya kurudia tu.

Kunyanyua vyuma kunamfanya kijana awe mfupi?

Hapana, mbinu ikiwa sahihi. Kinachoumiza ni mzigo wa kuoneshana na mgongo uliopinda. Anza na uzito unaoweza kunyanyua mara 10 hadi 15 bila kuyumba, siku mbili au tatu kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati. Ukiweza 15 kwa urahisi, ongeza kidogo. Pushapu, kuchuchumaa na kujivuta kwenye bomba vinatosha miezi mingi ya mwanzo. Kwa ujumla kijana anahitaji dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na kutembea haraka kwenda shule ni sehemu yake.

Kinachoweza kweli kumfupisha ni sindano na vidonge vya homoni za misuli. Hufunga mapema sehemu za mfupa zinazorefuka, hupunguza korodani na mbegu, huleta chunusi nzito, na matiti kwa wavulana.

Vidonge vya kunenepa na kuongeza makalio vina nini ndani?

Mara nyingi ni dawa mbili: siproheptadini, dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula na usingizi, na deksamethasoni, steroidi kali, yaani dawa inayofanana na homoni ambayo mwili hutengeneza wenyewe. Huuzwa kwenye vifuko vidogo bila lebo. Unene unaokuja wiki za mwanzo ni maji na mafuta, hasa usoni, tumboni na mgongoni. Sura huviringana, michirizi hutokea, presha na sukari hupanda, mifupa hupungua, vidonda huchelewa kupona.

Hatari ambayo wauzaji hawaisemi iko kwenye kuacha. Mwili ukipewa steroidi kwa wiki nyingi huacha kutengeneza ya kwake. Ukikatiza ghafla unaweza kupata udhaifu mkubwa, kutapika, presha kuanguka hata kupoteza fahamu. Aliyetumia zaidi ya wiki mbili au tatu aende hospitali na kifuko chenyewe, aseme ukweli, na apunguziwe dozi taratibu. Tunawasihi wazazi: mtoto akifika na habari hii, ugomvi usubiri. Kuonwa na daktari ndiko kwa haraka.

Na mkorogo?

Mikorogo ya kujichubua huchanganya haidrokwinoni, steroidi kama clobetasol, na nyingine zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kuumiza figo. Huhamia pia kwa watu wa nyumbani kupitia taulo na mashuka. Steroidi huichuna ngozi hadi mishipa ionekane, na kidonda cha upasuaji hufungika kwa shida. Haidrokwinoni ikitumika miaka huacha madoa ya bluu-nyeusi kwenye mashavu ambayo ni magumu mno kuondoka. Lebo ikitaja mercury, mercurous au calomel, usiguse. Isiyo na lebo kabisa, vivyo hivyo.

Anayeacha hukuta ngozi inawaka, inakuwa nyekundu na kuota vipele. Hapo wengi hurudia mkorogo wakidhani ndio dawa. Ni ngozi inayodai steroidi, na daktari wa ngozi anaweza kuishusha kwa hatua. Wakati huo tumia mafuta yasiyo na manukato na kofia juani.

Shisha si inachujwa na maji?

Maji huupoza moshi tu. Kikao cha saa moja kinaweza kukuingizia moshi wenye ujazo wa mara 100 hadi 200 ya sigara moja, pamoja na kaboni monoksidi ya mkaa, ndiyo sababu watu huzimia. Uganda iliizuia kwa sheria ya tumbaku ya mwaka 2015, Tanzania ikaipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017. Kuberi, ugoro na vifuko vya nikotini vya kubandika kwenye fizi havina moshi lakini vina nikotini ileile. Nchini Marekani karibu watu 9 kati ya 10 wanaovuta kila siku walianza kabla ya miaka 18, na kampuni za tumbaku zinaujua umri huo vizuri. Ukiacha, siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi, na hasira na kutotulia hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne.

Pombe na mirungi je?

Anayeanza kunywa kabla ya miaka 15 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mlevi wa kudumu kuliko anayesubiri utu uzima. Gongo na chang'aa zinaweza kuwa na methanoli, aina ya pombe yenye sumu. Baada ya saa 12 hadi 24 macho huona ukungu, kichwa huuma, tumbo huchafuka. Ni dharura ya hospitali, na kila saa ina uzito, kwa sababu upofu wake haurudi nyuma. Mtu aliyelewa hadi haamki alazwe ubavu, asipewe kahawa, asiachwe peke yake. Mirungi, marufuku Tanzania na halali Kenya, huondoa usingizi na njaa na kupandisha presha. Kwa mwanafunzi hasara ya kwanza ni usingizi.

Hedifoni zina sauti gani salama?

Desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ongezeko la 3 hukata muda huo nusu, hivyo kwenye 90 zinabaki saa nne tu. Kwa simu nyingi, asilimia 60 ya sauti ni mahali pazuri. Mtu aliye hatua moja kutoka kwako asisikie muziki wako, nawe umsikie akikuita. Mlio masikioni baada ya disko au daladala yenye spika kubwa ni jeraha, hata ukiisha kesho yake.

Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inaharibu uzazi?

Haiharibu. Inazuia aina za virusi vya papiloma zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani hiyo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa kabla msichana hajaanza kujamiiana. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Rwanda ilitangulia mwaka 2011.

P2, vidonge vya kuzuia mimba baada ya kujamiiana, inaweza kutumika mara kwa mara?

Ni ya dharura. Imezwe haraka iwezekanavyo ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Haileti ugumba, lakini ikimezwa kila wiki huvuruga hedhi na inashindwa zaidi kuliko njia za kawaida za uzazi wa mpango. Haizuii virusi vya UKIMWI. Kwa hilo kuna dawa za PEP, zinazoanzwa ndani ya saa hizohizo 72 na kumezwa siku 28. Aliyebakwa aende hospitali kabla ya kuoga au kufua nguo.

Bodaboda ni suala la afya?

Ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29 duniani. Helmeti ifungwe kidevuni, nafasi ya vidole viwili tu ibaki. Iliyoning'inia hudondoka kabla ya kichwa kufika chini. Mishikaki, yaani kupakiana abiria zaidi ya mmoja, ikatazwe nyumbani kwa sauti moja.

Nitatofautishaje ujana na ugonjwa wa akili?

Tazama muda na mabadiliko. Huzuni au hasira karibu kila siku kwa wiki mbili, kuacha marafiki na michezo aliyoipenda, alama kushuka ghafla, usingizi kuharibika, kusema "bora nisingekuwepo" au kugawa vitu vyake, yote hayo yanahitaji mtaalamu. Nusu ya matatizo ya afya ya akili ya watu wazima huwa yameanza kabla ya miaka 18, na yakitibiwa mapema mengi hutulia.

Muulize moja kwa moja kama anawaza kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, humpa ruhusa ya kusema. Akisema ndiyo, kaa naye, fungia dawa zote za nyumbani na viuatilifu vya shambani, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ni ya bure ya kusaidia watoto, Tanzania na Kenya, na kijana anaweza kuipiga mwenyewe.